Kisigino cha Kushoto

Haya yalimpata Kailash wa Kingsbury, London, na wanaomfahamu watakwambia hakuwa mtu wa kuzua mambo. Alikuwa karani kwenye ghala la vipuri vya magari, mpole, wa kwenda kazini na kurudi, na majirani walimjua kwa ile salamu yake ya kuinua gazeti.

Ijumaa moja ya mwezi Mei, mwaka 1974, alirudi nyumbani saa kumi na moja akawakuta wanawake wawili jikoni wanakunywa chai. Mmoja alikuwa mkewe, Usha, mzaliwa wa Mombasa. Wa pili alikuwa Time binti Matar, Mzanzibari, aliyekuwa akishona pamoja na Usha kwenye karakana ya nguo huko Wembley. Mezani palikuwa na sahani ya visheti na karatasi ya rangi yenye picha ya bahari.

"Tunakwenda Hispania," Usha alimwambia hata kabla hajavua koti. "Siku saba. Kazini wanakusanya watu. Ndege, hoteli, chakula, vyote pamoja."

"Na wewe Time?"

"Mie nabaki na watoto wangu. Nyie nendeni mkapate jua." Time akamsogezea sahani. "Kula, kaka Kailash, nimevipika kwa ajili yako. Na ukifika huko kawatazame mafundi viatu. Baba alikuwa akisema Waspanyola wanaijua ngozi."

Usha akatabasamu. Alijua yanayofuata, maana Time hakuweza kumtaja baba yake akaishia katikati.

"Kiatu cha kwanza cha shule cha mumeo kakishona baba yangu. Muulize. Baba akimpenda kama mwanawe." Kisha sauti ikashuka. "Wakaja watu mchana kweupe wakamchukua, kashika msharasi wake mkononi, anatoboa ngozi. Hata kuuweka chini hawakumwacha. Hakurudi tena, na mpaka leo hatujaambiwa kosa lake." Akamgeukia Kailash, kama alivyogeuka kila mara. "Wewe ulikuwa ushaondoka, eti?"

"Nilikuwa nimeshaondoka," alisema Kailash.

Lilikuwa jibu la kweli. Ndilo lililokuwa likimtafuna.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwaka 1965 Kailash alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, yuko Unguja na mama yake mjane, na mama alikuwa ameamua kuhama. Dhahabu ilikuwa hairuhusiwi kutoka. Mama akamwendea fundi Matar wa Mkunazini, aliyeijua miguu ya nyumba nzima kwa vipimo, akamnong'oneza shida yake. Matar alikataa. Akarudiwa, akakataa tena. Mara ya tatu mama alilia, na fundi akakubali. Akashona jozi mbili, ya mama na ya mwana, na ndani ya kila kisigino akachonga uwazi mdogo kama kiberiti, wenye kifuniko cha kuteleza. Bangili zilizokatwa vipande zikaingia humo pamoja na pamba. Siku anamvalisha Kailash, alimpa onyo moja tu: "Bandarini tembea kwa vidole. Usikanyage kisigino."

Bandarini Kailash akakanyaga kisigino. Askari akasikia. Akamvua kiatu cha kushoto, akakigonga juu ya meza, akatoa kisu. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Nani kakushonea?"

Mama alikuwa nyuma yake, viatu vyake havijaguswa. Meli ilikuwa imeshapiga honi. Kailash angeweza kusema amevinunua kwa mtu asiyemjua. Angeweza kusema amechonga mwenyewe. Alisema, "Fundi Matar, wa Mkunazini." Askari akaliandika jina kwa penseli nyuma ya pakiti ya sigara, akachukua alichokichukua, akamrudishia kiatu. Mama na mwana wakapanda meli.

Dhahabu iliyopona kwenye visigino vya mama ndiyo iliyowapatia nyumba ya Kingsbury. Mama alikufa ndani ya nyumba hiyo bila kulitaja jina la Matar hata siku moja. Usha, aliyeolewa baadaye, hakuwa na habari.

*

Siku ya pili kule Hispania mvua ilinyesha, bahari ikawa ya kijivu kama Wembley. Usha aliona tangazo ukutani pa hoteli, akaambiwa kuna mzee anawafundisha wageni kazi ya mikono ya kienyeji, siku tatu, na kila mtu anaondoka na kitu alichokitengeneza mwenyewe. Alidhani ni vyungu. Akamwandikisha mumewe.

"Nenda. Ukikaa humu chumbani utanuna mpaka turudi."

Kailash alipofika mlangoni harufu ilimpokea kabla ya mwenyeji. Ngozi mbichi, gundi, nta. Kwa miaka tisa hakuwahi kukaribia duka la fundi viatu. Hata soli zikitoboka alinunua vingine. Alisimama pale kizingitini, na mwenyewe alisema baadaye kwamba alitaka kugeuka. Lakini mzee alikuwa amekwisha kumshika mkono.

Mzee huyo aliitwa Eusebio. Hakujua Kiingereza, na maneno yake yalifasiriwa na mjukuu wake wa kike, mwalimu wa shule. Wanafunzi walikuwa watano, wote watalii. Siku ya kwanza walipimana miguu, wakachagua makalibu ya mbao yenye umbo la mguu, wakakata ngozi. Siku ya pili waliivuta ngozi iliyoloweshwa juu ya kalibu, wakaipigilia misumari midogo, wakashona kwa sindano mbili na uzi uliopakwa nta. Wenzake walijichoma vidole na kucheka. Kailash hakujichoma. Msharasi ulikaa kiganjani mwake kama kitu alichozaliwa nacho, na mikono yake ikawa inatangulia kabla hajafikiri. Mzee alipita akatazama, akapita tena, akaacha kutabasamu.

Visigino vilijengwa jioni ya siku ya pili. Tabaka saba za ngozi ngumu, moja juu ya mwenzake, zikabanwa kwa gundi na vijiti vya mbao. Viatu vikaachwa karakanani vikauke.

Siku ya tatu mzee alikagua kazi. Aligonga kila kisigino kwa kifundo cha kidole. Du. Du. Du. Alipofika kwenye kiatu cha Kailash cha kushoto akagonga, na kikajibu sauti nyingine.

Ko.

Mzee akagonga tena. Akachukua kisu chembamba, akapenyeza ncha yake chini ya kisigino, akasukuma. Kifuniko kidogo kikateleza kando taratibu, bila kukwama. Ndani palikuwa na uwazi, umechongwa vizuri, kingo zake zimelainishwa. Kama kiberiti.

Mzee alisema jambo kwa sauti ya chini. Mjukuu wake alichelewa kulifasiri.

"Babu anauliza nani kakufundisha hivi."

"Sijafundishwa."

"Anasema jana alizihesabu tabaka zako kwa mkono wake. Zilikuwa saba, nzima. Na usiku funguo alikuwa nazo yeye."

Kailash aliomba aviache viatu pale. Mzee alitikisa kichwa, akavifunga kwenye karatasi, akamsukumia kifuani.

"Anasema uvichukue," binti alinong'ona. "Anasema anayevifuata hakuja kwa ajili ya nyumba hii."

*

Walirudi London Jumapili. Usha hakukubali ngozi ya ng'ombe iingie jikoni kwake, kwa hiyo viatu viliwekwa nje ya mlango wa nyuma, juu ya gazeti, chini ya kibaraza. Wiki ikapita. Kailash akaanza kujiambia kwamba uchovu una mambo yake, na kwamba yule mzee huenda anawafanyia wageni kiini macho.

Jumamosi mchana Time akaja. Jua lilikuwa limetoka, akapitia ubavuni mwa nyumba kama mtu wa nyumbani, na Kailash alimwona kupitia dirisha akiwa amesimama tuli mbele ya kibaraza. Kisha akachuchumaa.

"Kaka Kailash. Viatu hivi vya nani?"

"Vyangu. Nimevinunua kule Hispania."

Usha, aliyekuwa akikatakata vitunguu, aliinua kichwa akamtazama mumewe. Alijua havikununuliwa.

Time alikipindua kiatu cha kushoto. "Baba akimaliza mshono anafunga vifundo vitatu," alisema polepole. "Cha katikati anakirudisha nyuma. Sijamwona fundi mwingine anayefanya hivyo. Tazama." Akaonyesha kwa kidole. Vilikuwapo vifundo vitatu. Cha katikati kilikuwa kimerudi nyuma.

"Labda ndivyo wanavyoshona huko," Kailash alisema.

Time akatia mkono ndani ya kiatu. Akautoa haraka. Akamtazama Kailash kwa macho ya mtu anayeomba aambiwe amekosea.

"Vina joto," alisema. "Kama vimevuliwa sasa hivi."

Hakunywa chai siku ile.

Kesho yake, saa tisa mchana, Usha alikuwa anapika na redio imezimwa. Kukasikika kugongwa. Nyundo ndogo juu ya ubao: tatu, kimya, tatu. Usha alishusha kijiko.

"Nani anagonga?"

"Mabomba," alisema Kailash.

"Mabomba yako ukutani. Hii iko mlangoni."

Alifungua mlango wa nyuma. Hapakuwa na mtu. Gazeti, na juu yake viatu. Alipofunga, kugonga kukaanza tena, karibu zaidi.

Jumatatu alfajiri Kailash alivitia viatu kwenye pipa la taka. Alisimama dirishani mpaka gari la taka likaja, akayaona kwa macho yake meno ya mashine yakivimeza. Akavaa viatu vyake vyeusi vya kazini, alivyonunua dukani Wembley mwaka mmoja nyuma, akashika njia ya stesheni.

Ngazi za stesheni ya Kingsbury zinateremka. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na hatua zake. Kailash akateremka pamoja nao.

Du. Ko. Du. Ko.

Alisimama. Watu wakampita. Akashuka ngazi moja kwa mguu wa kulia. Du. Akashusha wa kushoto.

Ko.

Kazini alijifungia chooni. Alikivua kiatu, akaingiza ncha ya kisu cha kufungulia barua chini ya kisigino, kwa haraka hata akajikata. Kifuniko kiliteleza. Safari hii mlikuwa na kitu.

Lilikuwa jino. Gego la mtu mzima, la rangi ya chai, na mizizi yake yote.

Alilifunga ndani ya leso. Hakumwambia mtu. Jioni alirudi kwa kutembea na vidole vya miguu, kutoka stesheni mpaka mlangoni, na wapita njia walimtazama.

Siku ya pili yake akavaa viatu vya raba. Raba hazina kisigino, alijiambia. Akashinda salama. Alikuwa sebuleni anafungua gazeti, jua bado liko dirishani, Usha alipomwita kutoka ghorofani. Hakuita kwa nguvu.

"Kailash. Njoo."

Alikuwa ameketi kitandani na viatu vyake vya harusi mapajani, vile vya rangi ya dhahabu vya kisigino kirefu. Alikuwa akivijaribu kwa ajili ya sherehe ya mpwa wake. Kisigino cha kushoto kilikuwa wazi. Kiganjani mwake mlikuwa na meno mawili.

"Haya ni ya nani?"

Kailash akakaa sakafuni. Akafungua leso yake, akaweka la tatu karibu na yale.

"Usiniambie mabomba," Usha alisema.

Akamweleza. Alieleza kila kitu, tangu machozi ya mama mpaka pakiti ya sigara. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyokuwa akidhani. Jambo lililomlemea miaka tisa liliisha kabla jua halijatoka dirishani. Alipomaliza, mkewe alizitazama kuta za chumba, dari, mapazia, kama mtu anayeviona vitu hivyo mara ya kwanza na kuuliza vimetoka wapi.

"Miaka mitatu ninamkaribisha chai humu," alisema. "Miaka mitatu anakuletea visheti, na wewe unakula."

"Nitamwandikia barua."

"Barua?" Usha alisimama. "Utamwambia. Usoni. Leo, twende."

*

Kailash alipanda basi la Wembley akiwa amevaa kandambili na soksi. Hakuthubutu kuvaa kingine.

Time aliwapokea kwa furaha, akafungua kinywa kuwakaribisha, akamwona Usha alivyo. Akawatuma watoto wake kwa jirani. Akakaa. Kailash alibaki amesimama, akasema alichokuja kusema, hadi habari ya meno, na sauti yake ilizidi kushuka hata mwishoni ilikuwa mnong'ono mtupu.

Time aliitazama cherehani yake pembeni, kitambaa kimekwama chini ya sindano.

"Walikupiga?" aliuliza.

"Hapana."

"Walikushikia bunduki?"

"Hapana."

"Walimtisha mama?"

"Hapana, Time."

"Waliuliza tu."

"Waliuliza tu."

Time alitikisa kichwa taratibu. "Miaka yote hii mie nafikiri ni mtu aliyemchukia," alisema. "Nimewalaani watu chungu nzima. Mpaka mjomba wangu nimemlaani." Akanyoosha mkono. "Nipe."

Kailash akampa leso. Time aliifungua juu ya goti, akayatazama meno, akainua moja lenye tundu ubavuni. Akalipeleka puani. Uso wake ukabadilika.

"Karafuu," alisema. "Hili lilikuwa likimuuma. Akilijaza karafuu kila asubuhi kabla ya kufungua duka."

Harufu ikawafikia na wao. Ilikuwa mpya, kali, kama imesagwa sasa hivi.

"Sikusamehe, kaka Kailash," Time alisema bila kuinua macho. "Sijui kama nitaweza. Lakini baba yangu nitamzika." Kisha akasema, "Toka. Usha abaki."

Kailash akatoka, akasimama barabarani na kandambili zake. Kutoka ndani alisikia wanawake wawili wakilia, na hakujua ni nani anamliwaza mwenziwe.

Maziko yalikuwa Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, kwenye sehemu ya Waislamu ya makaburi. Kifurushi cha kitambaa cheupe, kidogo cha kushikika kwa mkono mmoja. Wazanzibari wachache walikuja, wakamwombea, na hakuna aliyeuliza mabaki yamefikaje London. Time aliwaambia yameletwa. Usha alikwenda. Kailash hakualikwa. Alisimama nje ya uzio mpaka udongo ukarudishwa, kisha akaenda zake kwa miguu.

Tangu siku ile kugonga kulikoma. Viatu vyake vilikuwa viatu tu, na stesheni alishuka ngazi kama watu wengine. Time aliacha kazi ya Wembley akahamia Stratford na watoto wake. Huwa anampigia Usha simu sikukuu hadi sikukuu, na Kailash akipokea, hukata. Usha hakumwacha mumewe. Alihamishia vitu vyake chumba alichofia mama mkwe, na humo ndimo anamolala hadi leo.

Yapo mambo ambayo Kailash aliyaeleza mwenyewe, kwa taabu, na mtu anaweza kuyaamini au asiyaamini. Lakini liko moja ambalo kila aliyefika nyumba ile ameliona.

Asubuhi baada ya maziko Kailash alitoka kwa mlango wa nyuma kuanika taulo. Kutoka mlango huo hadi geti la mbele kuna njia ya saruji, iliyomwagwa na wenye nyumba wa zamani, ngumu kama jiwe. Kwenye saruji hiyo mlikuwa na nyayo. Miguu mitupu ya mwanamume, imezama sawasawa, vidole vyote vinaonekana. Zilianzia kizingitini mwa jikoni, zikapita ubavuni mwa nyumba. Zilikuwa za kutoka tu. Za kuingia hazikuwapo.

Alimwita jirani yake, Chandrakant, mwashi wa miaka mingi. Chandrakant alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye kingo.

"Hii imekanyagwa saruji ikiwa mbichi," alisema. "Kabla haijakauka."

"Jana ulipita hapa."

"Nilipita," alisema Chandrakant. Akajipangusa kidole kwenye suruali, akajipangusa tena. "Nilipita, na hazikuwapo."

Alijitolea kuziziba bure. Kailash alikataa. Akazifuata hatua kwa hatua mpaka zilipoishia getini, na hapo akasimama, akamwomba jirani aende nyumbani. Kwa maana nyayo mbili za mwisho, zilizokaa sambamba kama za mtu anayengoja, hazikuelekea barabarani.

Zilikuwa zimegeuka. Zilielekea nyumba.